Karafuu za Pemba ndani ya kifurushi cha dawa ya Kichina

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Sisi ni wakulima wa karafuu, tunaishi Pemba. Mama yangu ana miaka 67. Tangu Ramadhani iishe amekuwa akipata kwikwi kila akimaliza kula, tumbo linajaa, na anasema ndani anahisi baridi. Tulimpeleka kwa tabibu wa Kichina Dar es Salaam akapewa vifurushi vitano vya kuchemsha. Nilipofungua kimoja nikakuta karafuu, vipande vya tangawizi, mizizi nisiyoijua na vitu kama vifuniko vikavu vya tunda. Karafuu ina kazi gani kwao? Kama ni hizi hizi zetu, si naweza kumchemshia za nyumbani, hata konzi nzima, tukaokoa nauli? Na ni kweli karafuu haipatani na manjano? Mume wangu naye anauliza kama huongeza nguvu za kiume.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu.

Nianze na lile la haraka: konzi nzima usimchemshie. Konzi moja ya karafuu kavu huweza kuzidi gramu 15, na kipimo cha Wachina kwa mtu mzima kwa siku nzima ni gramu 1 hadi 3. Hicho ndicho kipimo kilichoandikwa katika kitabu rasmi cha dawa cha nchi yao, na kwa mama wa miaka 67 mimi ningeanzia chini kabisa. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaijua sababu hutahitaji kuniuliza kila mara.

Karafuu uliyoiona ni hiyo hiyo yenu. Wachina huiita dingxiang. Ding ni msumari, xiang ni harufu nzuri, na ukiitazama karafuu kavu, kichwa chake cha mviringo na mwili mwembamba, utaona jina limekaa mahali pake. Hata maelekezo yao ya kuvuna utayatambua: chuma wakati chipukizi la ua linaanza kuacha kijani na kuingia wekundu, kabla halijafunguka. Hakuna mchumaji wa Pemba anayehitaji kufundishwa hilo.

Sasa kazi yake. Katika tiba ya Kichina, kabla hujauliza dawa inatibu ugonjwa gani, unauliza mambo mawili: ina joto kiasi gani, na inaelekea wapi mwilini. La kwanza si geni kwetu. Wewe umekua ukisikia kwamba mzazi asile vitu vya baridi, kwamba uji wa pilipili manga unampa joto aliyetoka kujifungua, kwamba maji ya madafu ni baridi. Mawazo hayo yalitufikia pwani kwa njia ya tiba za Kiyunani na Kiarabu, ambazo huhesabu majimaji manne ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Wachina walifika hapo kwa njia yao wenyewe na hesabu yao ni nyingine, ya yin na yang, yaani upande wa baridi na upande wa joto, na ile pumzi ya uhai wanayoiita chi, lakini mkulima wa Pemba na mkulima wa Guangdong, kusini mwa China, wakikaa pamoja kuzungumza chakula gani cha moto na kipi cha baridi, wataelewana haraka.

Wachina hupanga dawa katika madaraja manne: moto, vuguvugu, ubaridi kiasi na baridi kali. Karafuu iko katika daraja la vuguvugu, ladha yake ni ukali, na huwekwa katika kundi la dawa za kupasha ndani. Kundi hilo ukilitazama utadhani umeingia katika duka la viungo Darajani: tangawizi kavu, gome la ndugu wa mdalasini, shamari, pilipili manga, karafuu. Lakini ndani ya kundi hilo hilo yumo pia fuzi, mzizi wa mmea wa sumu kali unaoweza kusimamisha moyo usipotayarishwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Nalitaja hili kwa makusudi. Mtu akikuambia “dawa za Kichina za joto ni viungo tu vya jikoni,” usimwamini, na kifurushi usichokijua usikipunguzie muda wa kuchemsha ulioandikiwa.

Dawa hizi zote hupasha, ila hazipashi mahali pamoja. Tangawizi mbichi husukuma ubaridi nje kupitia ngozi, ndiyo maana mwenye mafua akiinywa hutoka jasho. Tangawizi kavu hukaa tumboni na joto lake halihami. Gome la mdalasini huteremka hadi kiunoni na kwenye figo. Karafuu hupasha tumbo na wakati huohuo husukuma chini. Hapo ndipo ilipo thamani yake, na hapo ndipo lilipo jibu la kwikwi za mama.

Kwa maelezo ya Wachina, chi ya tumbo kazi yake ni kushuka. Chakula kinaingia, kinashuka, kinapita. Ubaridi ukikaa tumboni, chi hiyo hukwama, na ikikwama hugeuka ikapanda juu. Kupanda huko ndiko kwikwi, ndiko kichefuchefu, ndiko kutapika maji maji. Ukitumia dawa ya joto peke yake unaweza kuyeyusha ubaridi, lakini chi iliyokwisha kugeuka bado itapanda. Ukitumia dawa ya kushusha peke yake, kwikwi zitatulia kwa saa chache, ubaridi ubaki, zirudi. Karafuu hufanya yote mawili kwa chembe chache.

Kifurushi chenu, ninavyokisia kutokana na maelezo yako, kimejengwa juu ya dawa ya kale iitwayo dingxiang shidi tang, yaani mchemsho wa karafuu na shidi. Hivyo “vifuniko vikavu” ndivyo shidi. Ni kile kikonyo chenye majani manne kinachobaki juu ya tunda la shizi, tunda la rangi ya chungwa lenye umbo la nyanya ambalo Wachina hulipenda sana likiiva. Tabibu Yan Yonghe aliandika mchanganyiko wa karafuu, shidi na tangawizi kwa ajili ya kwikwi katika kitabu chake cha mwaka 1253. Waliokuja baada yake wakaongeza mzizi wa ginseng, na siku hizi wengi huweka dangshen badala yake kwa sababu ni rahisi na ni mpole. Nadhani ndiyo hiyo mizizi usiyoijua.

Angalia jinsi vinne hivi vinavyosaidiana, maana hapa ndipo karafuu za nyumbani peke yake zinaposhindwa. Karafuu inapasha na kusukuma chini. Shidi si ya moto wala baridi, inashusha tu, kwa hiyo inaongeza nguvu ya kushusha bila kuongeza joto. Tangawizi inatawanya ubaridi na kutuliza kichefuchefu. Halafu ule mzizi unashikilia nguvu za mgonjwa. Mwili wa mtu mzima ukiusukuma chini bila kuushikilia, kwikwi zinaweza kuondoka na hamu ya kula nayo ikaondoka. Nilipokuwa nafunzwa kazi hii, mwalimu wangu alikuwa akituuliza kila tukiandika mchanganyiko: “Nani anasukuma, na nani anashikilia?” Wewe ukichemsha karafuu tupu, hakuna anayeshikilia.

Kwa hiyo mwachie mama vifurushi alivyopewa, avimalize kama alivyoelekezwa. Karafuu za nyumbani zina nafasi yake, nitafika huko. Kwanza tuhakikishe kwamba kweli ana ubaridi, kwa sababu kuna kwikwi za joto pia, na kwa hizo karafuu ni kuongeza kuni kwenye moto.

Mwenye kwikwi za baridi hupiga kwikwi taratibu, nzito, zinazotoka ndani. Akinywa kitu cha moto anapata nafuu, akinywa maji ya friji zinazidi. Anapenda kuweka mkono au chupa ya maji ya moto tumboni. Viganja na nyayo ni baridi, choo ni laini, wakati mwingine chakula kinatoka kama kilivyoingia, na mate ni mengi na mepesi. Ulimi wake umepauka, na utando wake ni mweupe na wenye majimaji.

Mwenye kwikwi za joto ni kinyume. Kwikwi zake ni za haraka na za sauti kubwa. Ana kiu ya maji baridi, kinywa kinanuka, choo kigumu, mkojo wa njano iliyokolea, uso mwekundu, na utando wa ulimi ni wa njano. Kiungulia kinachochoma hadi kooni nacho kiko upande huu mara nyingi. Huyu usimpe karafuu, wala tangawizi, wala mdalasini. Yupo pia yule ambaye ulimi wake ni mwekundu, mkavu, hauna utando kabisa, koo limekauka na usiku anahisi joto viganjani. Huyo amepungukiwa na unyevu wa ndani, na karafuu humkausha zaidi.

Umeandika kwamba mama anahisi baridi na tumbo linajaa, hilo linaelekea upande wa karafuu. Hujaniandikia ulimi wake, kiu yake wala choo chake, na pasipo hivyo siwezi kusema zaidi.

Tuje kwenye kuchemsha. Chembe kumi za karafuu kavu nzuri ni karibu gramu 1, na zikiwa ndogo zitafika kumi na tano. Kwa mtu mwenye dalili za baridi ambaye hayuko kwenye mchanganyiko mwingine, chembe kumi kwa siku zatosha kabisa. Chemsha kwanza vipande viwili au vitatu vya tangawizi kwa dakika 15, kisha tia karafuu, funika sufuria, baada ya dakika tano epua. Karafuu huingia mwisho siku zote, kwa sababu nguvu yake iko kwenye mafuta yanayoruka na mvuke. Ile harufu tamu inayojaa nyumba nzima ni dawa inayotoroka kwenye sufuria. Anywe nusu baada ya chakula cha mchana na nusu baada ya cha usiku, ikiwa vuguvugu. Siku tatu. Nafuu isipoonekana ndani ya siku tatu, kurefusha hakutasaidia.

Kuhusu kuchagua karafuu, huko ni nyumbani kwenu na mimi ni mgeni, lakini nitataja kipimo cha Wachina kwa ajili ya wasomaji wa bara. Ibonyeze kwa ukucha itoe mafuta. Itie majini: iliyo nzima huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Inayolala ubavu na kuelea imekwisha kukamuliwa mafuta yake, ni ganda tu. Makonyo nayo si badala ya karafuu, ingawa yana mafuta na ndiyo yanayopelekwa kiwandani.

Mafuta hayo ndiyo yanayonifanya niwe mkali juu ya kipimo. Sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli. Kitabu cha dawa cha China hakiikubali karafuu yenye yujenoli chini ya asilimia 11. Piga hesabu: gramu moja ya karafuu ina si chini ya miligramu 110. Wataalamu wa kimataifa wa usalama wa vyakula wameweka kikomo cha miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, yaani miligramu 150 kwa mtu wa kilo 60. Si yote huingia kwenye maji ya kuchemsha, na kikomo hicho ni cha mtu anayetumia kila siku maisha yake yote, ndiyo maana gramu 1 hadi 3 kwa siku chache haziogopeshi. Gramu 15 ni jambo jingine.

Yujenoli hiyo hiyo ndiyo inayotia ganzi jino ukitafuna karafuu. Hilo watu wa Zanzibar wanalijua, Wachina wanalijua, na madaktari wa meno duniani kote huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait waliwapaka watu wazima 73 mdomoni, baadhi yao karafuu iliyosagwa na kuchanganywa, wengine dawa ya ganzi ya benzokeini, kisha wakawachoma sindano. Karafuu haikuachwa nyuma na ile dawa ya hospitali. Kwa kwikwi sina ushahidi wa uzito huo wa kukupa. Huko tunategemea uzoefu wa karne nyingi, na nakuambia hivyo wazi ili ujue umesimama wapi.

Nitoke kidogo nje ya sufuria, kwa sababu wewe ni mtoto wa mkarafuu na kisa hiki ni haki yako. Katika enzi ya Han, ukoo wa kifalme uliotawala China zamani, maofisa waliopeleka taarifa mbele ya mfalme walitakiwa waweke karafuu mdomoni kwanza, pumzi zao zisimkere. Wakati huo iliitwa jishexiang, harufu ya ulimi wa kuku. Inasimuliwa kwamba mfalme Huan, aliyetawala kuanzia mwaka 146 hadi 168, alimpa chembe ya karafuu mzee mmoja wa barazani aliyekuwa ananuka kinywa. Mzee alipohisi ule ukali ulimini akaamini amepewa sumu kwa kosa fulani, akaenda nyumbani kuwaaga watu wake. Rafiki zake walimwomba aiteme waione, wakainusa, wakacheka. Karafuu ile ilikuwa imesafiri kutoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, maana wakati huo haikuota kwingine. Ilichukua zaidi ya miaka 1,600 baadaye ndipo mche wa kwanza ukapandwa Unguja, na baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya huko, Pemba ndiyo ikaushika uchumi wa zao hili. Mama anapokunywa kile kifurushi anakunywa kitu ambacho familia yenu imekianika majamvini, kikiwa na historia ndefu kuliko ile ya kupandwa kwake visiwani kwetu.

Manjano. Swali lako ni zuri na wengi wamebabaishwa nalo. Wachina wana orodha ya kale ya dawa kumi na tisa zisizopatana, na mstari mmoja unasema karafuu isikutane na yujin. Yujin ni kiazi kinachoota kwenye ncha za mizizi ya mimea ya jamii ya manjano. Manjano yetu ya jikoni ni shina la chini la mmea, nayo kwa Kichina ina jina lake jingine, jianghuang, ambalo halimo kwenye orodha ile. Katazo ni la kuchanganya karafuu na yujin kama dawa, katika kipimo cha dawa. Hata kitabu chao cha sasa bado kinalitaja, nami nalifuata. Biriani yako yenye manjano na karafuu tatu haihusiki, endelea kupika.

Kwa mume wako: ndiyo, vitabu vya Kichina vimeandika kwamba karafuu hupasha figo na hutumika kwa mwanaume aliyepungukiwa nguvu. Lakini humo imekusudiwa mwanaume mwenye dalili za baridi ya figo, kiuno kinachouma na kuwa baridi, kukojoa mara nyingi usiku, miguu baridi, na hutumika pamoja na dawa nyingine. Sijaona ushahidi kwamba mwanaume mwenye afya akitafuna karafuu ataongezewa kitu. Kama nguvu zake zimepungua kweli, mpeleke akapime sukari na shinikizo la damu kwanza, kwa maana mara nyingi hizo hujitangaza kwa mlango huo. Na wewe mwenyewe, kama umeshauriwa na yeyote utumie maji au mafuta ya karafuu ukeni, usifanye. Yanaunguza ngozi laini ya ndani, na hakuna tabibu wa Kichina mwenye elimu atakayekuandikia hilo.

Mafuta ya karafuu ya chupa ni kwa kupaka, nayo yachanganywe na mafuta ya nazi. Kuyanywa ni hatari. Imekwisha kuandikwa habari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10, akapoteza fahamu, akapata degedege, na ini likaumia vibaya. Kama kuna wajukuu nyumbani, chupa hiyo iwekwe pale yanapowekwa mafuta ya taa, si kwenye kabati la chai. Wachina pia huweka unga wa karafuu na mdalasini kwenye kitovu cha mtoto anayeharisha kwa ubaridi, ukiwa ndani ya kitambaa safi, kwa saa chache, na ngozi ikianza kuwa nyekundu hutolewa. Kwa kichanga ambaye kitovu chake hakijapona, usiweke chochote, kwani pepopunda huingia hapo.

Niangalizie pia kama mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini au aspirini ya kila siku, kwa sababu yujenoli nayo huelekea kuzuia damu isigande. Kama anazitumia, au ana vidonda vya tumbo, au ana upasuaji karibu, karafuu ya dawa ingoje mpaka daktari wake ajue.

Jambo la mwisho nalisema nikiwa nimeliweka moyoni tangu niliposoma barua yako. Ramadhani imekwisha siku nyingi. Kwikwi zinazorudi kila mlo kwa wiki kadhaa kwa mtu wa miaka 67 lazima zipimwe hospitali, hata kama kifurushi kinamsaidia. Figo zilizochoka, ini, kidonda au uvimbe tumboni, kiharusi kidogo, hata baadhi ya vidonge, vyote hivyo huleta kwikwi. Watabibu wa kale wa Kichina wenyewe waliogopa kwikwi za mzee mgonjwa, waliziona kama ishara kwamba nguvu ya tumbo inaisha. Kama anapungua uzito, chakula kinakwama kooni, choo kimekuwa cheusi, anatapika damu, au kwikwi zimedumu siku mbili bila kukatika, usingoje kifurushi cha tano.

Kesho asubuhi, kabla hajapiga mswaki na kabla ya chai, mwombe mama atoe ulimi karibu na dirisha. Angalia rangi ya ulimi, rangi ya utando, na kama ni mkavu au una maji. Muulize anapendelea maji ya moto au ya baridi, na choo kikoje. Niandikie hayo pamoja na majina ya vidonge vyote anavyomeza, tuendelee kutoka hapo.